Kabla Hawajachoka

Chupa pana, ile ya achari ya maembe,
ndiyo aliyonijia nayo mwalimu Shaame kutoka Tumbe,
ndani maji ya bahari, rangi ya majani ya chai
yaliyochemshwa mara ya tatu.
"Hii ni taa," akasema. "Usicheke."
Nikacheka.

Mchana iote jua dirishani.
Waliomo ni viumbe, ila jicho haliwapati;
kwenye hadubini ya shule, anasema,
wako kama punje za mtama zilizoota mkia.
Usiku hawawaki mpaka wasumbuliwe.
Ukiwasumbua mno, wanachoka.
Ukiwasahau, wanakufa.
Nikamwambia: mwalimu, hii si taa, huyu ni mkwe.

Chumbani kwa mama, hapa Limbani,
Tukuza inasoma sifuri tangu Jumanne.
Koroboi hatuwashi tena, moshi unamkaba.
Mshumaa aliuangusha mwezi wa Rajabu,
chandarua bado kina tundu la ukubwa wa sahani.

Aliuangusha kwa mkono ule.
Mkono wa kulia, uliokuwa ukishona kofia za viua,
kitundu baada ya kitundu, bila miwani,
sasa unacheza wenyewe, hauna bwana.
Mwaka wa tano huu anauficha chini ya kanga
wageni wakipiga hodi.
Chai anakunywa nusu,
nusu inanyweka na mkeka.

Nilimpa chupa anishikie tu
nipapase kiberiti.
Nikasikia maji yakigonga kioo,
kidogo, kidogo, hayanyamazi.
Nikageuka.

Buluu.
Si ile ya kufulia mashuka, si ya milango ya mjini;
buluu baridi, isiyo na utambi,
imempanda kifuani, shavuni,
imefika ukutani kwenye saa iliyosimama.
Niliona tundu la chandarua.
Niliona vidole vyake, vyote vitano,
hakuna hata kimoja kilichojificha.

Mimi jioni nzima nimeitikisa chupa ile,
ikawaka, ikazima,
kama mtu anayekonyeza akaona haya.
Kwake haikuzima.

"Mbona wanitazama hivyo?"
"Nimeona sindano," nikasema.
Kweli ilikuwepo, chini ya kitanda,
uzi mweupe ungali tunduni,
tangu kofia gani, sijui.

Bi Mize akacheka, cheko la puani.
Akainua chupa juu zaidi
kwa mkono uleule.
"Basi iokote," akasema,
"kabla hawajachoka."