Mpaka Jaa Ionekane

Ambulansi ya mnada, viti tumeng'oa.
Fundi Nambunda kakata godoro mara mbili,
bado miguu yangu inagonga mlango.

Somoe anaandika nyuma ya stakabadhi ya korosho:
jiko la mafuta, sufuria moja, ming'oko,
ila pipa la maji kwanza;
mtu wa Newala hasafiri kwa kuamini bomba la mwenzake.

Kidole chake kinapanda ramani:
Masasi, Tunduru, Songea, kinapumzika Dodoma,
Namanga, Isiolo, Moyale,
na juu ya hapo karatasi imechanika.
"Na hapo?"
"Hapo tutauliza."

Majirani wanacheka. Korosho za misimu miwili
zote ziishie kwenye dizeli!
Wacheke.

Miaka thelathini nilifundisha jiografia,
nikichora ubaoni Jaa, nyota ya kaskazini,
ambayo kwetu huku haichomozi hata siku moja.
Mtoto wa dawati la nyuma, jina nimelisahau,
aliuliza: Mwalimu, wewe umeiona?

Nilimwambia akae chini.

Somoe, kalamu bado ina wino?
Ongeza tairi la akiba. La pili.