Sanduku la Risasi

Babu Ndahani alijifunza kusoma herufi
zikiwa miguu juu, kama popo.
Hiyo ilikuwa Mpwapwa, chumba cha bati nyuma ya kanisa.
Sanduku lilikuja kwa meli, kisha reli hadi Gulwe,
kisha mabega ya watu wanne waliolilaani njia nzima:
herufi za risasi, kila moja na kitundu chake,
zimehesabiwa kwa kinywa cha Kiingereza.
E zilijaa zikamwagika.
X zilikaa kama wageni wasioulizwa habari.
A zilikuwa konzi moja.

Hebu jaribu wewe kupanga
*wakawakataza wasikate*
kwa konzi moja ya a.
Alipanga nusu ukurasa, akauchapa, akaufumua,
akaziosha, akapanga nusu ya pili.
Tangazo la mnada wa ng'ombe lilichukua siku nne.
Mnada ulikuwa wa siku ya tatu.

Ndipo akachukua kisu alichochongea ilimba
akachonga a za mpingo, mia na ishirini.
Zilizidi za risasi kimo kwa unywele,
kwa hiyo kwenye kila karatasi yake
a zimekolea, zimezama.
Bibi Matika hakujua kusoma.
Aligeuza karatasi, akapapasa mgongo wake,
akasema: hii ni ya kwangu. Hii siyo.

Vita ikafika. Askari wakauliza, risasi ziko wapi?
Akawafunulia sanduku.
Wakabeba e debe zima, wakabeba na x,
na Babu, Mungu amsamehe, akawashindikiza akicheka
mpaka alipokumbuka zilikokuwa zinaelekea.

Halafu Mtunya.
Watu walikula ngozi za kulalia.
Bwana Ferisi akaagiza ichapwe sala ya mvua.
Babu akapanga *mvula*.
Toa hiyo l, Bwana akasema, ni kosa.
Si kosa, Bwana. Ya huku inaitwa mvula.
Ukiiita mvua itakwenda kunyesha Unguja.

Aliitoa.
Sala ilichapwa safi, nakala mia tatu.
L ile aliitia mfukoni, hakuirudisha kitunduni
hadi chumba kilipofungwa na mchwa wakala rafu.

Mimi nina stesheneri Majengo, hapa Dodoma:
kompyuta moja, kadi za michango ya harusi, fomu za uhamisho.
Kwenye kibodi yangu herufi moja imefutika kabisa,
imelambwa na kidole changu kidogo cha kushoto.
Wateja huchungulia: dada, hapa palikuwa na nini?

L ya Babu iko kwenye droo, kati ya pini.
Januari hii ilipita kavu, mahindi yakajikunja.
Jioni moja, duka tupu, niliipaka wino wa mhuri
nikaigandamiza nyuma ya risiti.
Ilitoka nyeusi, imesimama.
Nikaitazama. Nikafagia vumbi la mlangoni,
jekundu, la kutosha kupandia,
nikafunga.