Hesabu ya Fisi

Onzima ananirushia methali kabla ya kurusha dadu:
njia mbili zilimshinda fisi.
Chagua, anasema. Upanga, au uchawi.

Tuko kwenye kibanda cha cherehani cha mama yake,
Arua, upande wa Oli, umeme umekwenda tangu magharibi,
taa ya sola inamulika ramani ya pango
iliyochorwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Dadu ya pande ishirini hatuna.
Tuna vizibo ishirini vya soda ndani ya soksi,
kila kimoja na namba yake kwa wino mwekundu.
Kizibo namba kumi na tisa kimepinda, vidole vyetu vimekijua,
ndiyo maana Drateru huchota kwa kijiko.

Sikiliza, Onzima. Nimelikesha jedwali hili
zamu nzima ya usiku, wodi imelala.
Ngazi ya pili, alama elfu mbili.
Ya tatu, elfu nne. Ya nne, elfu nane.
Unaona linavyopanda?
Nikizigawa alama zangu nusu kwa nusu
sibaki nusu ya njia.
Nabaki ngazi moja nyuma yako.
Moja!
Na ulimini nina neno la kulaza mazimwi manane
kabla hujachomoa hicho chuma chako.

Haya, uhai wangu ni haba, sikatai.
Narusha dadu ya askari, narusha dadu ya mchawi,
najumlisha, nagawa kwa mbili,
na nusu inayobaki Ezati anaifuta kwa kidole gumba:
kitabu hakilipi nusu.

Hata hospitali hailipi.
Asubuhi navua gauni jeupe, navaa kanga,
nafunga hesabu za simenti dukani kwa mjomba,
na mwenye nyumba hajawahi kuniuliza
kodi yake imetoka njia ipi.

Mlango wa pango unafunguka.
Nimebakiwa na uhai wa vitone vitatu.
Mkono mmoja upanga, mwingine mchanga wa usingizi.
Drateru anaingiza kijiko kwenye soksi, anakoroga,
anakitoa taratibu
kikiwa na vizibo viwili.

Namba tatu. Na kile kilichopinda.

Onzima anaanza, "Fisi—"
Ezati anamnyamazisha kwa kiganja,
anasogeza taa,
anafunua kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza.