Ajenda Namba Saba

Tumefika ajenda namba saba saa nane mchana,
soda zimeshapata joto,
na feni ya ukumbi wa Manispaa inazunguka
kama mjumbe anayechangia bila kusoma makabrasha.

Wakili Ntahondi, mwanasheria wetu, anasimama.
Kesi kumi na nne, Mstahiki Meya.
Tisa za ardhi, mbili za mkandarasi wa mtaro,
moja ya mbuzi tuliowakamata wakatufia mikononi,
mbili hazisomeki, wino umefifia.
Anatabasamu: "Ile ya Nyamizi Kashindye tumeshinda."
Tukapiga meza. Nami nikapiga.
Kiganja hakisubiri kichwa.

Nyamizi namfahamu.
Miaka thelathini na mmoja alikaa dirisha la tiketi, stesheni ya Tabora,
akiwaambia watu wa Kigoma, wa Mpanda, wa Mwanza:
treni imechelewa, subirini; treni imechelewa, lalini.
Kiinua mgongo chake akakifukia Malolo,
mita ishirini kwa thelathini, hati ina muhuri wetu.
Asubuhi moja akakuta msingi wake umeng'olewa
na kijana mpole, Sizya, mfyatua matofali,
naye ana hati, naye ana muhuri,
muhuri uleule, saini ileile,
tarehe zimepishana wiki tatu.
Kati yao hakuna mwizi.
Mwizi, kama yupo, tumekaa naye humu, anapangusa mafuta ya sambusa.

Sheria inasema Halmashauri ni mtu:
inashtaki, inashtakiwa, inamiliki, inadaiwa.
Mtu huyo nimemtafuta miaka tisa ya udiwani.
Nimekuta gari lake, nembo yake, deni lake la umeme.
Uso wa kuonea haya sijaukuta.

"Tumeshindaje?" nikauliza.
Ntahondi akafunua jalada, bila hasira, ni mtu wa heshima zake.
"Mdai hutupa notisi ya siku tisini, Mheshimiwa.
Yeye alifungua shauri siku ya themanini na nane."
Na zile hati mbili?
"Mahakama haikufika huko.
Pingamizi lilitosha. Shauri limeishia mlangoni."

Maisha yake yote aliona watu wakiachwa kwa kuchelewa.
Yeye kaachwa kwa kuwahi.

Gharama: milioni sita na ushei,
zimeazimwa kwa muda kutoka fungu la paa la zahanati, kata yangu.
Hiyo "kwa muda" naijua.
Ina wajukuu.

"Wanaoafiki taarifa?"
Mkono wangu ulibaki juu ya makabrasha.
Usinisifu. Mikono mingine ilikuwa inatosha,
na nilijua inatosha kabla sijaamua kuwa na msimamo.

Jioni nilipitia kwake, Ipuli.
Hakunigombeza; ningependa angenigombeza.
Akanisogezea karanga, akanionyesha ukuta.
Kalenda ya Manispaa, madiwani wote pichani,
mimi wa tatu kushoto, suti ya kuazima,
na chini ya viatu vyetu siku za mwezi,
kila iliyopita imekatwa kwa kalamu nyekundu, mkato mmoja mmoja,
kama mtu anayetoboa tiketi.
Notisi mpya imeshapokelewa. Ina muhuri. Wetu.

"Hebu niambie, Mheshimiwa:
siku waliyopokea inahesabiwa, au tunaanzia kesho yake?"

Swali hilo lina mtu wa kulijibu, na si mimi.
Mimi ni miongoni mwa wanaodaiwa.
Kanuni za maadili zina kifungu, nimekila kiapo.
Nikavaa miwani.
Tukahesabu kwa kidole, tukapotea kwenye sikukuu, tukaanza upya.
Ya tisini iliangukia siku ya Baraza.

"Ongeza mbili," nikamwambia. "Ongeza hata tatu."
Akaongeza saba.
Alikuwa mtu wa reli.