Nati ya Sita

Daktari Khavere alinichorea nyuma ya bahasha ya eksirei:
nyuzi nne zimejikunja, zimekumbatiana
kama nyoka waliopatana baada ya kesi ndefu.
"Himoglobini," akasema. "Utaweza, fundi?"
Nikamjibu: Kibuye hakuna kisichochomelewa.

Miezi miwili niliokota nati.
Za baiskeli, za kinu cha posho,
za trekta la miwa kutoka Miwani, bado zanukia molasi.
Mia tano sabini na nne, kwenye kopo la rangi,
kisha nikazishona kwa moto, moja moja.

Kila uzi una kitanda chake,
na kitandani limelala tone moja la chuma.
Hilo ndilo linaloshika pumzi
na kuifikisha hadi kidole cha mguu.
Matone manne tu! Nami nimejaza chuma kila mahali.
Basi nikayafanya ya shaba, nyaya za mota iliyoungua:
shaba iigize chuma,
chuma kiigize nyama.

Majirani wakauliza: ni kiota? Ni utumbo?
Odindo wa masufuria akasema ni deni langu la stima.

Amondi akaja Jumamosi, juani, na sweta,
chupa ya maji kwapani.
Akaizunguka mara mbili.
"Baba, hii si yangu."

Gesi ikaendelea kulia kwenye mpira.

Ana miaka kumi na mmoja. Namba za wodi
anazijua kuliko jedwali la tisa.
Uzi huu, na ule pacha wake, nati ya sita:
kwa wengine hupenda maji,
kwake huyachukia,
tena katika mji ulioweka miguu ziwani.
Huyakimbia, hujificha ubavuni mwa jirani,
jirani kwa jirani, mpaka zinakuwa fimbo,
na seli iliyokuwa duara inapinda mundu,
inakwama gotini, saa nane za usiku,
nami nasugua, nasugua.

Nusu yangu ilinikinga na malaria ya Ahero.
Nusu ya mamake ilimkinga kule Budalang'i.
Tulikutana wazima.

Nikawasha tochi. Nikakata mbili,
nikaweka gololi za beringi, laini, zisizoshika tone.
Mkono ulitetemeka. Mshono ule si safi,
ukitazama utauona.

Sasa inaning'inia kwenye veranda ya kliniki,
juu ya benchi la kusubiri. Haijamponya mtu.
Siku ya kwanza Amondi alipanda benchi,
akaweka kidole mwanzo wa uzi:
moja, mbili, tatu.
Penye sita alitua. Gololi ilikuwa baridi.
Nilishika pumzi.

"Saba," akasema. "Nane."

Akaendelea, foleni nayo ikaendelea,
na alipofika mia na thelathini
askari wa zamu akaja na funguo,
akasimama,
akasubiri.