Chaki Nyuma ya Mlango

Kanga yangu moja imeandikwa: Kukopa harusi, kulipa matanga.
Niliinunua kwa mkopo.
Cheka. Mimi siku ile sikucheka.

Lilianza na sendoff ya binti wa wifi yangu:
kitambaa cha sare, zambarau, mita tano,
na kadi ya mchango yenye wino wa dhahabu
kana kwamba Nyamizi ni jina la tajiri.
Laki mbili tu, nikasema, za wiki sita.
Kausha damu haijui wiki sita.
Inajua Jumatatu.

Kila Jumatatu Mihayo aliingia Ng'ambo na pikipiki,
akaizima mbali, kwenye kona ya mashine ya kusaga,
ili nisimsikie.
Nilimsikia. Mdaiwa ana masikio ya sungura.
Cherehani nikaihamishia chumba cha nyuma,
nikashona gizani, mguu kwenye kanyagio, jicho dirishani,
na mapindo ya watu yakaenda upogo.

Hata Jumapili moja, nikianua nguo,
nikamwona Shija wangu anacheza na mtoto wa jirani.
"Mimi nadai," alisema yule mwenzake,
"wewe jifiche. Ukikohoa umeshindwa."
Mwanangu, miaka sita, akajibana nyuma ya pipa,
viganja viwili mdomoni,
akipumua bila kifua kupanda.
Sikumfundisha.
Aliniona.

Usiku nikachukua chaki ya kukatia nguo
nikaandika nyuma ya mlango:
470,000.
Nikakaa sakafuni, nikaitazama
kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba:
ukijua alipo, unajua pa kuweka mguu.

Jumatatu nilifungua mwenyewe.
Nina elfu nane, nikasema, nyingine sina,
na twende wote kwa mtendaji wa mtaa
riba isimame kwa maandishi.
Alizihesabu noti mara mbili,
labda alidhani zitazaana mkononi.
Tukaenda. Alitangulia yeye, mimi nyuma,
majirani wakitazama, na kumbe aibu,
ukiitembeza mchana, haina uzito ule wa gizani.

Dawa ya deni kulipa, husema.
Hawasemi inanywewa kwa kijiko,
chungu, na kijiko chenyewe kina tundu.
Nilibadili zipu, nilipunguza suruali za marehemu
zivaliwe na wanawe.
Januari nikashona sare za shule
mpaka kidole cha shahada kikawa chujio.
Soko Kuu kwa mguu, kurudi kwa mguu,
chai ya rangi, na sukari tukaiita mgeni.
Wifi akaleta kitambaa kingine, cha kijani.
Nitakuja na gauni la zamani, nikamwambia, nioshe vyombo.
Alininunia miezi miwili.
Nilimkumbuka, sitasema uongo.

Mei mama akaugua, Sikonge.
Wiki tano namba haikushuka, 288,000,
kila nikitoka inanitazama mgongoni.
Usiku mmoja nilishika kanga niifute yote,
mlango uwe mlango tu.
Nikalala nayo mkononi.
Asubuhi nikatoa elfu mbili.
286,000.
Nikacheka peke yangu, sasa ndiyo nikacheka.

Leo imebaki 31,500.
Cherehani iko barazani, Shija anaviringisha bobini.
Mihayo amekuja na pikipiki inanguruma mpaka mlangoni.
Umekuwa mteja mwaminifu, anasema,
ofisi inaweza kukuongezea,
milioni hata, leo leo, sahihi tu.

Milioni.
Niliisikia ikishuka kooni kama asali ya miyombo.
Niliona bati jipya, niliona friji,
niliona zambarau, mita tano.

Mguu wangu haukuacha kanyagio.
Sogea kidogo, nikamwambia,
unanikingia mwanga.