Kamba

Bi Mize wa Micheweni amesahau wanawe.
Faki kamwita kwa jina la mbuzi,
Kombo kamuuliza amekuja kudai nini,
na mimi, mjukuu nilalaye ubavuni pake,
kila alfajiri naulizwa: U wa nani wewe?

Lakini damu yake haijasahau kamba.

Ilikuwa harusi ya watu, Tumbe,
mwaka hakuna tena wa kuutaja.
Alikula sahani ya kamba wa nazi, akalamba vidole,
hakuwashwa, hakukohoa, akarudi kwao akiimba.
Ndani kwa ndani, seli moja ya B
ilikuwa imeokota kipande cha mgeni,
ikakigeuza, ikakikagua,
na jirani yake, seli T, akainong'oneza: adui huyu.
Uongo! Kilikuwa kitoweo.
Lakini fitina ya jirani huaminiwa mbio:
ikabadili silaha, ikazaa, wanawe wakazaa,
wengine wakahamia ubohoni
kufua kingamwili usiku na mchana,
zikatandazwa kooni, mapafuni, chini ya ngozi,
kama njiti za kibiriti kando ya petroli.
Sahani ya pili ndiyo iliyowasha.

Miaka hamsini hakumgusa kamba.
Kisha akasahau kwamba hamli.

Jumatano mke wa Shaame kaleta sambusa.
Yeye hakujua,
na mwenyewe alishasahau kuogopa.
Midomo ikaumuka kama andazi kwenye mafuta,
pumzi ikapiga mluzi.
Tulifika hospitali kwa gari la barafu,
miguu yake imelowa, mkono wangu mdomoni mwake
kana kwamba ningeweza kuishikilia njia wazi.
Sindano ya paja. Ya pili.

"Seli hizi," daktari akasema huku akivua glavu,
"zikishaweka, zimeweka."

Nikaziona wivu.
Mwaka wa tatu namwogesha,
namlisha uji kwa kijiko cha mtoto,
na hakuna hata moja ubohoni mle
iliyoandika jina langu.
Kamba wa harusi ya watu ana daftari zima.

Kamba hukatikia pembamba, tunasema.
Ya bibi imekatikia kwetu sisi.

Magharibi uvimbe ukashuka.
Akafumbua jicho moja, la kushoto,
akanitazama kwa adabu, kama mtu aliye ugenini:
"We mtoto wa watu,
zile sambusa,
zimekwisha?"